Arabuni ya Nyumba na Mkopo wa Benki: Darasa kwa Vijana wa Kitale na Bungoma

Katika darasa zetu za karibuni, za Kitale na za Bungoma, limeletwa swali moja mara nyingi kuliko mengine yote. Waletao ni vijana, walimu na wauguzi na makarani na wenye maduka madogo, waume kwa wake. Wanauliza: mtu asiyekuwa na nyumba, naye ana arabuni mkononi, akipata benki ya kumkopesha fedha za kununulia nyumba yake ya kwanza, je, atie saini au asitie? Wengine huuliza kabla ya jambo. Wengine wamekwisha kutia saini, nao hutafuta mtu wa kuwatuliza roho. Wote tunawajibu hapa kwa jumla, kwani mambo haya hayajibiki mlangoni mwa msikiti huku watu wanavaa viatu.

Yafaa kwanza ifahamike ya kwamba si vibaya mtu kutamani nyumba. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ameyataja majumba miongoni mwa neema zake, kwa kuwa humo ndimo wanaadamu wapatapo utulivu. Mtu aliyekaa miaka kumi katika chumba cha kupanga Tuwan au Kanduyi, akihamishwa kila mwenye nyumba apatapo mpangaji wa kodi kubwa zaidi, hana lawama akitaka mlango wake mwenyewe. Kinachoulizwa ni njia ya kuufikia mlango huo, na je, mlango huo utabaki kuwa wake?

Tuanze na arabuni, maana watu wengi hulitamka neno hili wala hawajui ya kuwa ni neno la fiqhi. Arabuni yetu ya Kiswahili ndiyo ile *urbun* ya vitabuni: mnunuzi humpa muuzaji sehemu ya bei, kwa sharti ya kwamba akiendelea na ununuzi fedha ile itahesabiwa katika bei, na akirudi nyuma, fedha ile imekuwa ya muuzaji. Maimamu watatu, Abu Hanifa na Malik na Shafii, wameikataza kwa hadithi iliyopokewa ya kukataza biashara hiyo, na kwa kuwa muuzaji hula mali bila ya kutoa kitu. Imam Ahmad bin Hanbal ameijuzisha, akaiona hadithi ile kuwa dhaifu, na hoja yake ni kisa cha nyumba. Nafi bin Abdul-Harith, aliyekuwa liwali wa Sayyidna Umar katika Makka, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya ifanywe gereza, akashurutisha ya kwamba Umar akiridhika, biashara imethibiti, na asiporidhika, Safwan atapata mia nne. Bei iliyotajwa katika baadhi ya mapokezi ni elfu nne. Basi tazama, sehemu ya kumi hasa, kama waandikavyo mawakili wetu leo katika mikataba ya kuuziana ardhi Kenya!

Sisi wa Afrika Mashariki aghalabu ni watu wa madhehebu ya Shafii, na mwanafunzi atauliza afuate lipi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jidda, katika kikao chake cha nane kilichofanywa Brunei mwaka 1993, ilikubali arabuni kwa sharti ya kwamba muda wa kungoja uwekwe wazi. Kauli hiyo yatosha kuwaondolea watu dhiki. Lakini mwenye kuchukua ruhusa na achukue na sharti yake. Wapo wanaopokea arabuni za watu watatu kwa kiwanja kimoja, kisha wakazila zote. Hao hawana madhehebu.

Na kwa watu wa Trans Nzoia na Bungoma kuna jambo jingine lisilopasa kusahauliwa. Sehemu kubwa ya ardhi yetu, hata ile iliyokatwa viwanja vya futi hamsini kwa mia, bado imeandikwa ardhi ya kilimo, na kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 haiuziki bila ya idhini ya Bodi ya Ardhi, ambayo yapasa kuombwa ndani ya miezi sita. Idhini isipopatikana, mapatano hayo ni batili, na sheria yampa mnunuzi haki ya kudai fedha zake kama deni. Basi arabuni isitolewe kabla ya kuitazama hati katika afisi ya ardhi, na katika mkataba iandikwe waziwazi ya kwamba bodi ikikataa, au hati ikionekana na kasoro, arabuni yote itarudi. Kuandika deni na ahadi ni amri ya Qurani katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, aya ndefu kuliko zote, na watu wetu huisoma katika hitima kisha wakatoa laki tatu kwa maneno matupu.

Hiyo ndiyo arabuni ya muuzaji. Benki nayo hudai arabuni ya namna yake. Humwambia mtu: leta kumi kwa mia ya bei, au ishirini, nasi tutatoa iliyobaki, nyumba itakuwa yako, na hati itakuwa rehani kwetu mpaka umalize kulipa.

Wapo wanaodhani kwamba haramu ya jambo hili ni ile rehani, kwa hivyo wakaogopa neno na wakaacha maana. Rehani ni halali. Imetajwa katika Suratul-Baqara, aya ya 283, na Mtume wetu (S.A.W.) alifariki hali deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi mmoja wa Madina kwa pishi thalathini za shayiri, kama ilivyo katika hadithi ya Bibi Aisha. Kilicho haramu ni nyongeza. Benki haikuuza nyumba, wala haikuijenga, wala haibebi hasara yake ikiungua. Imekopesha fedha, na inadai fedha zaidi kwa sababu ya kupita kwa muda. Hii ndiyo riba iliyokatazwa katika aya ya 275 mpaka ya 279 ya sura hiyo hiyo, na katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Imam Muslim wamewekwa sawa katika laana mwenye kuila, mwenye kuilipa, mwenye kuiandika na mashahidi wake. Kwa hivyo haimfai mtu kusema: mimi si mlaji, mimi ni mlipaji tu.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa vijana wetu wamesoma hesabu, na hesabu huonyesha hekima ya sheria mahali ambapo mawaidha hayafiki. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu Kitale yauzwa shilingi 3,000,000. Mnunuzi ana arabuni ya kumi kwa mia, yaani 300,000. Juu yake kuna ushuru wa stempu, ambao katika miji ni nne kwa mia, yaani 120,000; kuna ujira wa wakili, na ujira wa mthamini. Kabla hajashika ufunguo, huyu amekwisha kukaribia nusu milioni. Benki inamkopesha 2,700,000 kwa miaka 20, riba ikiwa 14 kwa mia kwa mwaka. Malipo yake yatakuwa 33,575 kila mwezi, na kwa miezi 240 atakuwa amelipa 8,058,000. Amekopa milioni mbili na laki saba, akarudisha milioni nane.

Lakini si hiyo jumla inayonishitua mimi, bali mwezi wa kwanza. Riba ya mwezi wa kwanza juu ya 2,700,000 ni 31,500. Basi katika zile 33,575 alizolipa, zilizopunguza deni ni 2,075 tu. Mtu amefanya kazi mwezi mzima, ametoa karibu elfu thelathini na nne, na katika nyumba yake amejipatia thamani ya mifuko michache ya saruji. Tena benki nyingi huandika katika mkataba ya kwamba kiwango cha riba chaweza kupanda. Mwaka 2024 riba za mikopo ya benki Kenya zilipita 16 kwa mia, na waliokuwa wamepanga maisha yao juu ya 12 au 13 waliletewa barua za malipo mapya.

Na mshahara wa nani utaweza haya? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 imekataza makato yasizidi theluthi mbili za mshahara, na mtu mwenye busara hujizuia kwenye theluthi moja kwa ajili ya nyumba. Theluthi moja ikiwa ni 33,575, mshahara unapaswa kuwa kiasi cha laki moja. Walimu na wauguzi wangapi wa Bungoma wanapokea laki moja? Ndiyo sababu mikopo hii ya nyumba, pamoja na makelele yote ya matangazo, mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa karibu 30,000 tu katika Kenya nzima, nchi yenye watu zaidi ya milioni hamsini. Kijana anayeambiwa ya kuwa kila mtu anafanya hivyo, na ajue ya kuwa karibu hapana anayefanya hivyo. Watu wa Kenya, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, hujenga polepole kwa fedha zao.

Akishindwa kulipa, mambo huenda hivi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 benki humpa ilani ya miezi mitatu arekebishe, kisha ilani ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali na mnada. Na sheria ya benki, tangu mwaka 2007, imeweka mpaka: deni likikwama, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha deni lenyewe siku lilipokwama. Tazama jinsi waliotunga sheria ya nchi walivyolazimika kuuzuia ule urudufu juu ya urudufu uliotajwa katika Suratu Aali Imran, aya ya 130. Wao wameuzuia unapofika mara mbili. Qurani imeuzuia mlangoni.

Serikali imeliona tatizo la bei, na imejaribu kulipunguza. Mwaka 2018 liliundwa shirika la KMRC, ambalo huzipa benki na vyama vya akiba fedha za bei nafuu, ili nazo ziwakopeshe watu chini ya kumi kwa mia. Kwa mfano wetu wa 2,700,000, riba ikiwa 9 kwa mia, malipo ya mwezi hushuka mpaka 24,293, na jumla yake mpaka kiasi cha 5,830,000. Kwa mfuko hii ni nafuu kubwa, wala hatuidharau, na anayeisifu hakusema uongo. Lakini hukumu haifuati ukubwa wa nyongeza. Riba ya tisa ni ndugu wa riba ya kumi na nne.

Vilevile kuna majumba ya bei nafuu ya serikali, ambayo kila mwajiriwa huyachangia kwa kukatwa 1.5 kwa mia ya mshahara wake, na mwajiri wake hutoa mfano wa hiyo. Makato hayo yalianza mwaka 2023, Mahakama Kuu ikayabatilisha mwezi Novemba wa mwaka huo, kisha yakarudishwa kwa sheria iliyotiwa saini Machi 2024, ambayo ndiyo iliyomtaka mwombaji atoe arabuni ya sehemu ya kumi. Tunaulizwa: nyumba hizi je? Jawabu letu ni kwamba hatuwezi kuzihukumu zote kwa neno moja, bali asome mkataba. Ikiwa ameuziwa nyumba kwa bei moja iliyojulikana siku ya mkataba, ailipe kwa vifungu kwa miaka kadha, hata kama bei hiyo ni kubwa kuliko ya taslimu, hiyo ni biashara ya kukopa, na jamhuri ya wanazuoni wameijuzisha. Ikiwa yeye ni mpangaji, kodi yake ni kodi kweli, na mwisho wa muda ananunua kwa mkataba wa pili, hilo nalo lina njia. Lakini ikiwa mkataba umeandika bei, kisha ukaandika kiasi kwa mia juu ya salio kila mwaka, na faini inayokua akichelewa, basi jina la mpango halibadilishi kitu.

Hapa ndipo huja neno la dharura. Mwezi Oktoba 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, chini ya Sheikh Yusuf al-Qaradawi, liliwaruhusu Waislamu waliokaa katika nchi za Magharibi kununua nyumba ya kukaa kwa mkopo wa riba, kwa sababu ya haja iliyofikia daraja ya dharura. Fatwa hiyo imepita mpaka kwetu kwa simu za mkononi, bila ya masharti yake. Masharti ni haya: mtu awe amekosa njia ya halali, nyumba iwe ya kukaa yeye na watu wake, asiwe na nyumba nyingine, wala asiwe na mali ya ziada ya kumwezesha kununua kwa njia nyingine. Tena wanazuoni wengi hawakuikubali hata kwa Ulaya yenyewe. Sisi twaona haiingii hapa Kitale wala Bungoma. Mtu wa Ulaya hapewi kiwanja akajenga chumba kimoja leo na cha pili mwakani; sisi twaweza, na wazee wetu wote walifanya hivyo. Na anayepata nyumba ya kupanga kwa kodi anayoimudu hakufikia dharura. Yuko katika taabu, na taabu twaijua, lakini taabu si dharura. Ama mwenye dhiki ya kweli, kwa mfano mjane anayefukuzwa pamoja na mayatima, huyo na amwendee mwanazuoni kwa hali yake, naye hapaswi kuhukumiwa kwa makala.

Na benki za Kiislamu? Kenya ilitoa leseni kwa benki mbili za namna hii, nazo zikaanza kazi mwaka 2008: Gulf African Bank na First Community Bank, na hii ya pili mwaka 2023 ikawa mikononi mwa Premier Bank ya Somalia. Mwaka 2017 ikaja Dubai Islamic Bank. Kuwapo kwake ni neema, na ni hoja nyingine juu ya mwenye kudai dharura. Lakini Muislamu asiingie mle akiwa amefumba macho kwa kuwa mlangoni pameandikwa Bismillahi.

Njia zao mbili kubwa katika nyumba ni murabaha na ushirika unaopungua. Katika murabaha benki hununua nyumba iwe yake hasa, kisha humwuzia mteja kwa bei ya juu isiyobadilika. Tuseme imeinunua 3,000,000, ikamwuzia 5,400,000. Ametoa 600,000 mwanzo, na iliyobaki analipa 40,000 kila mwezi kwa miaka kumi. Ni ghali, naam. Lakini bei imefungwa siku ya kwanza, na akiugua miezi mitatu haiongezeki. Swali la kuuliza hapa ni moja: je, benki iliimiliki nyumba hiyo hata kwa saa moja, na kama ingeungua saa hiyo, hasara ingekuwa ya nani? Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho.

Katika ushirika unaopungua mambo ni mazuri zaidi, na hapa arabuni yapata heshima yake, kwani inakuwa fungu la umiliki. Mteja ametoa 600,000, basi moja kwa tano ya nyumba ni yake tangu siku ya kwanza. Nne kwa tano ni za benki. Kila mwezi hununua kidogo katika fungu la benki, na hulipa kodi ya sehemu ambayo bado si yake. Tuseme nyumba kama hiyo Kitale hupangishwa 18,000. Kodi ya nne kwa tano ni 14,400. Akinunua fungu la benki kwa miaka 15, atalipia 13,333 kila mwezi, na jumla ya mwezi wa kwanza ni 27,733, ikishuka kila fungu la benki linapopungua. Benki ikibaki na mbili kwa tano, kodi ni 7,200 tu.

Hayo ndiyo yaliyomo vitabuni. Katika afisi, aghalabu kodi haikadiriwi kwa kutazama nyumba za mtaani. Hukadiriwa kwa kutazama riba ya soko. Wakitaka 14 kwa mia juu ya 2,400,000 zao, hizo ni 336,000 kwa mwaka, yaani 28,000 kwa mwezi. Sasa nani apangaye nne kwa tano za nyumba kwa 28,000, hali nyumba nzima hupangishwa 18,000? Hatusemi kwamba kipimo hicho peke yake chaharamisha mkataba, maana wako wanazuoni waliokubali kutumia kiwango cha soko kama kigezo. Twasema kijana aipeleke hesabu hii mezani kwa meneja, aulize, na asione haya. Tena aulize bima ya nyumba yalipwa na nani, matengenezo makubwa ya paa ni juu ya nani, na faini ya kuchelewa yaenda kwa maskini au kwa benki. Mshirika wa kweli hubeba fungu lake la hasara.

Jambo la kuivika riba nguo ya biashara si geni kwetu. Unguja na Pemba, wenye mashamba ya mikarafuu waliposhindwa kukopa kwa riba waziwazi, walitumia bei ya khiyari: mtu humwuzia tajiri shamba au nyumba yake kwa sharti ya kuikomboa akirudisha fedha, kisha muuzaji hubaki mle mle akilipa kodi kwa mnunuzi. Makadhi waliandika mauzo na ijara. Watu wote walijua ya kuwa ile kodi ndiyo riba. Miaka ikapita, bei ya karafuu ikaanguka, na mashamba yakawa katika madeni kiasi cha kwamba serikali ya Unguja ililazimika mwaka 1934 kutunga sheria ya kuzuia ardhi isihamishwe, na mwaka 1938 sheria nyingine ya kusuluhisha madeni. Kwa hivyo mtu wa Kitale akiletewa mkataba wa kuiuza nyumba yake kwa benki na kuipanga papo hapo, na akumbuke mikarafuu ya Pemba.

Wala wa bara hatukosi mfano. Wazee waliopewa ardhi Ndalu, Tongaren na Naitiri katika mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962 walipewa kwa deni la miaka 30, riba ikiwa 6.5 kwa mia, na hati hazikutolewa mpaka deni lishe. Waulizeni watoto wao: wangapi wamerithi shamba, na wangapi wamerithi shamba na malimbikizo yake?

Basi afanye nini kijana ambaye mshahara wake ni 45,000 na mkewe apata mfano wa huo? Arudie hesabu yetu. Nyumba ile ile yenye malipo ya benki ya 33,575, yeye anaipanga kwa 18,000. Tofauti ni 15,575 kwa mwezi, yaani 186,900 kwa mwaka. Wakiiweka kweli, katika miaka mitatu wana 560,700. Atasema mtu: fedha hupoteza thamani, na kiwanja hupanda bei kila mwaka. Ni kweli, na ni hoja nzito. Ndiyo maana hatumwambii aziweke miaka kumi, bali azigeuze mapema: kwanza kiwanja kidogo chenye hati safi, si lazima kiwe mjini, kandokando ya barabara ya Kiminini au upande wa Chwele bei si ile ya katikati ya Kitale. Kisha msingi. Kisha matofali, yachomwe wakati wa kiangazi na yawekwe. Kisha chumba kimoja na jiko, ahamie humo, na kodi ya 18,000 igeuke mabati ya chumba cha pili. Nyumba hii itachelewa, wala haitapendeza mwanzoni, na wakwe watasema. Lakini hapana ilani ya siku 40 itakayobandikwa mlangoni mwake.

Na wawili si lazima wawe peke yao. Upatu, ambao huku bara twauita chama, ni mlango mwema. Sheikh Qalyubi katika hashia yake, naye ni katika wanazuoni wa madhehebu yetu, ameutaja mchezo huo uliokuwa mashuhuri kwa wanawake, na amenukuu kutoka kwa Waliyyuddin al-Iraqi ya kwamba wafaa. Watu 12 wakitoa 10,000 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake hupata 120,000, bila ya nyongeza kwa yeyote. Yatosha mchanga na saruji ya msingi. Sharti zake ni kwamba iandikwe, kila mmoja awe na mdhamini, na zamu za mwanzo wapewe wenye shida kuliko wenye vyeo. Vyama vingi vyetu vimevunjika kwa kukosa haya, na wengine, kwa kukimbia hasara, wameingiza mkopo wa nyongeza ya kumi kwa mia kwa mwezi, riba mbaya kuliko ya benki, na kikao hufunguliwa kwa Fatiha!

Yamebaki mambo mawili ambayo huulizwa mara chache, nayo yanafaa kuulizwa zaidi. La kwanza ni zaka. Fedha iliyowekwa kwa ajili ya arabuni, ikifika nisabu na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, ina zaka, ijapokuwa nia ni kununua nyumba. Mwenye akiba ya 600,000 iliyotimiza mwaka atoe 15,000. Akishainunulia kiwanja cha kujenga makazi yake, kiwanja hicho hakina zaka. Ama akikinunua kwa nia ya kukiuza bei ikipanda, hicho ni bidhaa ya biashara, na zaka yake ni juu ya thamani yake kila mwaka.

La pili ni jina katika hati. Mwanamke wa Kiislamu mali yake ni yake, na muuguzi aliyetoa nusu ya arabuni hakumpa mumewe zawadi ila akisema hivyo kwa ulimi wake. Basi jina lake liandikwe. Lakini liandikwe vipi? Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ina namna mbili. Namna ya kwanza ni umiliki wa pamoja usiogawika, ambao mmoja akifa, aliyebaki huchukua yote. Wengi hutia saini namna hii kwa kuona ni alama ya mapenzi. Nayo yapingana na mirathi: mume akifa, mama yake na watoto wake na warithi wengine hukosa mafungu waliyoandikiwa katika Suratun-Nisaa. Namna ya pili ni ushirika wa mafungu yanayojulikana, nusu kwa nusu, au theluthi kwa theluthi mbili, kila mmoja kwa kadiri aliyotoa, na fungu la maiti huenda kwa warithi wake. Wakili aambiwe waziwazi siku ya kuandika ya kwamba yatakiwa namna hii ya pili. Na waliokwisha kuandikisha kwa namna ya kwanza wanaweza kuibadilisha wakiwa wote hai kwa kukubaliana na kuisajili upya, jambo lisilowezekana tena baada ya mmoja wao kuzikwa.

Na akifa mwenye deni, deni lake hutolewa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, kama ilivyo katika aya ya 11 ya sura hiyo. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu asiloacha cha kulilipia, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada aliposimama akalidhamini. Kwa hivyo kila mwenye mkataba wa nyumba, wa namna yoyote, na aweke nakala yake mahali ambapo mkewe au ndugu yake aweza kuipata, pamoja na karatasi iliyoandikwa kiasi kilichobaki. Darasa la Kitale litakutana baada ya Isha siku ya Jumamosi kuisoma mikataba miwili ya benki, neno kwa neno; mwenye mkataba wake na aje nao.